Msitu Unaokunywa Mto



Mvua ya huku ni haba. Msitu wetu huishi kwa maji ya Mto Tana yapenyayo chini ya udongo. Ukienda mbali na ukingo huoni ila vichaka vya miiba. Mkuyu ukikatwa, jua hukausha ardhi, na miche hungoja gharika ilete unyevu na udongo mpya. Lakini tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, gharika zimepungua. Basi mti waliokata babu zetu ulipata mrithi. Tuukatao leo huenda usipate.

Simsemi mchonga mtumbwi mmoja, nawasema wachoma makaa na wauza mbao. Miti ya ukingoni iacheni: mizizi yake ndiyo ishikayo udongo wa migomba yenu.