Mambo Matatu ya Kila Juma: Chakula, Nyumba na Kitabu

(Hotuba iliyosomwa barazani)



Tumeombwa tuseme machache juu ya maendeleo ya nyumba. Mtu asikiapo maneno hayo hutazamia habari za mabati na saruji. Lakini kazi yetu sisi ni ya ukarani. Twashika kalamu na majalada, wala hatuna ujuzi wa kujenga. Kwa hiyo tumeona afadhali tuwaletee habari za daftari moja dogo lenye kurasa 48, likaalo juu ya rafu ya jiko letu, karibu na kopo la chumvi.

Mwenye daftari hilo ni mama wa nyumba yetu. Asili yake ni kwamba alichoka kuulizwa kila siku, "Leo twala nini?" na watu wasiosaidia hata kuchambua mboga. Basi alianza desturi. Kila Jumamosi jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, huandika mambo matatu yaliyompendeza juma hilo: chakula kimoja, jambo moja la nyumbani, na habari moja iliyosomwa. Siku za kwanza sisi tuliona ni mchezo. Leo tutawasomea majuma matatu tu, nanyi mtaamua wenyewe kama ni mchezo.

Juma la kwanza

Chakula alichoandika ni pure, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, ambayo Wakikuyu huita githeri na Wakamba huita isyo. Pengine mtasema, "Hiki chakula cha kila siku chataka kuandikwa?" Naam, chataka, kwa kuwa wengi wetu tukipata mshahara huanza kukidharau. Mahindi peke yake hayana ukamilifu wa kujenga mwili wa mtoto. Yamepungukiwa na kitu ambacho maharage yanacho kwa wingi. Vikiwa pamoja katika chungu kimoja, kila kimoja chaziba pengo la mwenzake. Bibi zetu hawakusoma elimu ya vyakula, lakini chungu chao kilikuwa na akili.

Pamoja na pure aliandika majani ya kunde yaliyopikwa kwa mafuta kidogo na nyanya. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini iliyo katika majani, na nyanya au ndimu husaidia kupokea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Lakini chai huyazuia madini hayo. Kwa hiyo kwetu chai hainywewi tena pamoja na chakula. Husubiri kama saa moja. Jambo hili halikutugharimu hata senti.

Jambo la nyumbani ni kapu la kupikia. Twaa kapu kubwa, lijaze nyasi kavu, liviringishe ndani blanketi kuukuu, na katikati acha shimo la kutosha sufuria. Maharage na mahindi yakiisha kulowekwa usiku kucha, yamwage maji yale, tia mengine, chemsha kwa nguvu nusu saa. Usipunguze hapo, maana maharage yasiyochemka vizuri yana sumu yake ya kuumiza tumbo. Kisha funika sufuria, itie ndani ya kapu, ifunike kwa mto au blanketi, uende shambani. Moto umezimwa, lakini chakula chaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Ukirudi baada ya saa tatu au nne, rudisha sufuria motoni kichemke tena hata kilainike, kisha pakua. Usikiache ndani ya kapu mpaka kesho, maana uvuguvugu hukiharibu. Kwetu mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu sasa wafika siku tano. Nani hubeba mzigo huo? Hatuna haja ya kuwajibu.

Habari iliyosomwa ni kitabu cha Marehemu Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Binti yetu mkubwa alikisoma kwa sauti mlangoni pa jiko, mama yake akisonga ugali. Humo wamo wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mambo ya kufaa kwao, na kila mmoja aliporudi na habari njema alitupwa gerezani, kwa kuwa habari zake hazikupatana na desturi. Tafadhalini liwekeni jambo hili akilini, litarudi.

Juma la pili

Hapa tutapita upesi. Chakula ni uji wa wimbi kwa mtoto mdogo. Wimbi lina madini ya kujenga mifupa kuliko mahindi na mchele, na mama huutia maziwa au karanga zilizopondwa laini. Jambo la nyumbani ni kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kutundikwa kwa kamba karibu na choo, na kipande cha sabuni kando yake. Ukikanyaga kijiti, maji huchirizika mikononi, wala mkono mchafu haugusi dumu. Kitabu ni Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Chasimulia jinsi watu walivyotekwa na kuuzwa, na jinsi walivyokombolewa na kukaa Frere Town karibu na Mombasa. Kando yake mama aliandika hivi: "Kimeandikwa na mtoto wa waliokombolewa. Mtu asipoandika habari za wazee wake, zazikwa pamoja nao."

Juma la tatu

Sasa twaja kwenye juma lililotuleta mbele yenu. Katika mstari wa chakula ameandika maneno mawili tu: "Hakuna. Tumemwaga."

Mwaka huo tulivuna magunia matano ya mahindi. Mvua isiyo ya majira ilinyesha yakiwa bado uani, yameanikwa juu ya udongo mtupu, nasi tuliyaingiza ndani mabichi na kuyarundika sakafuni pembeni mwa chumba. Shauri hilo lilikuwa letu sisi, si la mama. Baada ya majuma matatu magunia mawili yalianza kunuka, na tulipoyafungua tuliona punje zimeshikana na kuota ukungu wa kijani na manjano.

Ilikuwa tarehe 20 ya mwezi, karo ya shule haijalipwa. Tukasema, "Mama watoto, chambua punje mbaya, zilizobaki zisagwe." Akasema, "Baba watoto, hayasagwi." Tukasema, "Basi yapondwe kuwa muthokoi." Akakataa. Jirani yetu mmoja mzee, aliyekuja kwa nia njema, akashauri yapikwe pombe, au wapewe kuku na ng'ombe. Mama akakataa hayo yote. Nasi, twaona haya kuyasema mbele ya baraza, tukapandisha sauti: "Tangu lini mpishi akawa bwana wa ghala?"

Ndipo binti yetu, ambaye hatukujua kwamba yuko mlangoni, akauliza kwa upole, "Baba, sasa mama atatiwa gerezani kama wale wajumbe wa Kusadikika?"

Tukanyamaza. Mama hakusema neno. Aliweka mezani karatasi ya mafunzo ya wakulima, iliyokuwa ndiyo masomo yake ya juma hilo. Tuliisoma tukiwa tumesimama, kisha tukakaa kitako.

Karatasi ile ilitukumbusha jambo tulilolisahau wenyewe. Mwaka 2004 sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na twakumbuka wakubwa wakinong'ona juu ya watu waliogeuka macho ya manjano, wakavimba matumbo, wakafa. Mwaka huo, katika nchi ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 walikufa. Mwaka 2016 watu wengine walikufa kwa sababu hiyo hiyo katika Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Huingia katika ini. Ikiliwa nyingi huua upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini.

Sikilizeni tabia zake, maana ndizo zinazotudanganya. Sumu hii haionekani, haina ladha wala harufu. Ukungu waweza kupanguswa na sumu ikabaki. Punje nzuri kwa macho yaweza kuwa nayo. Moto wa jikoni hauiui, wala kuchemsha hakuitoi. Kukoboa na kuchambua hupunguza, lakini hakumalizi, kwa hiyo mahindi yaliyokwisha kuharibika hayaponywi kwa kinu. Ukipika pombe, yaingia katika pombe. Ukimpa ng'ombe, yatoka katika maziwa, na maziwa hayo wanywa watoto.

Yale magunia mawili tuliyafukia shimoni. Hakuna jicho liwezalo kuapa kwamba yalikuwa na sumu, wala kwamba yalikuwa salama. Na kwa sababu hiyo hasa yalistahili kufukiwa. Tulinunua mahindi makavu kwa deni, na deni hilo tulililipa miezi minne. Karo ilichelewa, na mwalimu mkuu alituvumilia. Hatusemi kwamba jambo hili lilikuwa rahisi. Twasema tu kwamba watoto wetu wote wapo.

Katika mstari wa jambo la nyumbani, mama aliandika namna ya kupima ukavu, nasi twawasomea neno kwa neno:

"Twaa chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia punje za mahindi hata robo ya chupa. Tia kijiko kimoja cha chumvi kavu kabisa. Funga, tikisa dakika mbili, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi ni mabichi, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka kiasi. Uyaanike siku moja zaidi ndipo uyaweke."

Wataalamu husema mahindi ya ghala yasiwe na unyevu zaidi ya sehemu 13 na nusu katika 100. Chupa ya chumvi huonya unyevu ukizidi sehemu 15 hivi. Ndiyo sababu ya ile siku moja ya zaidi. Mengine aliyoandika ni haya: vuna mara mahindi yakikauka, usiyaache shambani yanyeshewe, anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, ondoa yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kama uwezo upo, nunua mifuko isiyopitisha hewa, lakini usitie humo ila mahindi makavu.

Ndugu zetu, sasa mwaona kwa nini daftari hili si mchezo. Chakula, nyumba na kitabu tulidhani ni mambo matatu. Juma lile tulitambua kwamba ni jambo moja. Kama mama asingesoma, asingejua; kama asingejua, ghala lingetushinda; na kama ghala lingetushinda, chungu kingeweza kutuua, tena chungu kilichopikwa kwa mapenzi. Methali yasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Sisi tuliosoma shule za misheni tulidhani mkuu ni yule avaaye viatu na kushika kalamu. Katika habari za jiko na ghala, mkuu ni yule ashikaye mwiko.

Basi twaomba mambo matatu. Waheshimiwa Machifu, katika baraza la kabla ya mavuno, chupa ya chumvi itikiswe mbele ya watu wote, wanaume wakiwapo. Walimu, mpeni kila mtoto ukurasa mmoja wa kusomea wazee wake jikoni, maana wako wapishi wengi wasiojua kusoma, lakini hakuna asiyejua kusikiliza. Nanyi wenye nyumba, nunueni daftari moja na kalamu ya risasi, mvikabidhi kwa mpishi. Kisha kila Jumamosi jioni ombeni msomewe alichoandika, na msipandishe sauti.

Mama ametuagiza tuseme kwamba juma hili chakula kilichompendeza ni mbaazi changa na viazi vitamu, na kwamba katika mstari wa nyumbani ameandika: "Baba watoto ameanika mahindi juu ya turubai bila kuambiwa." Mstari wa kusoma bado ni mtupu. Husema atangoja aone kama hotuba hii itafaa kuandikwa.