Tchomia: bustani ya pamoja ziwa linapogoma

Msikilizaji, twende Tchomia, kando ya Ziwa Albert. Pale samaki ndiye chakula, ndiye ada ya shule. Ziwa likichafuka, sufuria inabaki tupu.

Kwa nini basi bustani za pamoja? Ili sufuria isibaki tupu: lengalenga huchumwa baada ya wiki nne hadi sita; muhogo hungoja miezi tisa au zaidi. Mama aliyepanda vyote viwili, na maharagi juu yake, ugonjwa wa batobato ukishambulia muhogo bado ana cha kupika.

Kwa upande mwingine, tusifichane: tangu mapigano yaanze tena Desemba 2017 katika eneo la Djugu, ambamo Tchomia imo, wengi wamekimbia mashamba, wengine wakavuka hadi Uganda. Jembe pekee halileti usalama.

Mimi naziunga mkono bustani hizi kwa moyo wote. Lakini aliyekimbia akirudi, nani atamhakikishia kipande chake cha shamba?