Kabla Hujanunua Pikipiki ya Kwanza

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaofikiria kwenda kazini kwa pikipiki yao wenyewe



Katika kaunti hii pikipiki imekuwa jibu la haraka kwa mtu aliyechoka kungoja gari stendi. Muuguzi anayeingia zamu ya saa moja asubuhi, mwalimu anayefundisha ndani kule Ganze, karani anayeshuka matatu barabara kuu kisha akatafuta boda ya kumfikisha kijijini: kila mmoja wao hufika siku akasema, “Heri ninunue yangu.” Wengi wao hawajawahi kushika klachi. Mazungumzo haya ni yao. Wanaobeba abiria kwa malipo wana leseni yao na mambo yao, nao watatajwa kwa kupita tu.

Pesa kwanza, maana ndizo huwasukuma wengi. Chukua mtu anayekaa kilomita 12 kutoka kazini na anayekwenda kazini siku 22 kwa mwezi. Huo ni mwendo wa kilomita 528. Pikipiki ndogo ya sisi 100 au 125, ikitunzwa, huenda kama kilomita 45 kwa lita, kwa hivyo atahitaji lita 12 hivi. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Ikikadiriwa shilingi 180 kwa lita, mafuta yatamgharimu shilingi 2,160. Kama nauli yake ya matatu ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, alikuwa akitumia 4,400. Tofauti ni 2,240. Toa humo oili, tairi, cheni, breki zinazolika na bima ya mwaka ikigawanywa kwa miezi. Kinachobaki ni kidogo sana. Mtu huyu asidanganywe kwamba pikipiki itamwekea akiba. Akiinunua, atakuwa amenunua muda wake, na hilo si jambo baya mradi alijue mapema.

Hesabu hubadilika kwa yule anayepanda matatu kwa shilingi 100 na kuongeza boda kwa 150, kila upande. Huyo hutumia 11,000 kwa mwezi. Akitoa mafuta, kisha akaweka 2,000 kando kwa matengenezo na bima, hubaki na 6,840. Ikiwa pikipiki, kofia ngumu, mafunzo na leseni vyote vimemla 205,000, pesa hizo zitarudi baada ya miezi 30.

Hiyo ni kwa aliyelipa taslimu. Anayechukua kwa mkopo wa kulipa kila siku asitosheke na swali la “kwa siku ni ngapi?” Shilingi 400 kwa siku hazimtishi mtu, lakini kwa siku 540 ni 216,000, na hapo malipo ya mwanzo hayajahesabiwa. Aulize jumla yote. Aulize pia pikipiki itaandikishwa kwa jina la nani, na itakuwaje akiugua mwezi mzima asilipe. Majibu hayo ayaone kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Pikipiki ya mkono wa pili ni nafuu, ila ina mitego yake. Namba ya fremu na namba ya injini zilingane na zilizo kwenye kumbukumbu za NTSA, na anayeuza awe ndiye mmiliki aliyeandikwa huko, wala si “binamu yake yuko Nairobi.” Uhamisho wa umiliki ukamilike kwa njia ya mtandao kabla ya kulipa pesa zote. Fundi wa kuikagua aletwe na mnunuzi. Na hapa pwani atazame kutu: hewa ya chumvi hula spoku, cheni na sehemu za chini ambazo rangi mpya huzificha vizuri sana.

Kuhusu ukubwa, anayeanza asivutwe na mashine nzito. Aikalie dukani, nyayo zote mbili ziguse chini, kisha aisukume mbele na nyuma akiwa juu yake. Ikimlemea hapo penye sakafu laini, itamwangusha penye mchanga. Za umeme nazo zimeingia, lakini anayekaa mbali na mji aulizie kwanza kituo cha karibu cha kubadilishia betri kiko wapi.

Sheria haina mzunguko. Mwanafunzi hujiandikisha katika shule ya udereva iliyoidhinishwa, hupata leseni ya muda ya mwanafunzi, hujifunza, kisha hutahiniwa. Pikipiki ya matumizi binafsi iko daraja la A2, na ya kubeba watu kwa malipo ni A3. Leseni ya gari dogo peke yake haitoshi, jambo ambalo wenye magari wengi hulisahau. Abiria ni mmoja tu, naye pia avae kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga.

Bima ya lazima ni ile ya kumlinda mtu mwingine. Mwenye pikipiki akimgonga mtu, bima hiyo inamhusu aliyegongwa. Mguu wa mwendeshaji mwenyewe haumo, wala pikipiki yake haimo. Ndiyo maana anayenunua pikipiki na bado hajajisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, anastahili kupiga *147# kabla ya kwenda dukani. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu hukaa miezi bila kazi, na mkopo wa kila siku haungoji.

Sasa mafunzo, na hapa ndipo penye shida kubwa. Vijana wengi wa Kilifi wamefunzwa pikipiki na kaka au rafiki kwa nusu saa uwanjani: hii gia, hii breki, nenda. Kwenda mbele ni rahisi. Kazi ni kusimama, kugeuka polepole na kusoma barabara. Anayeanza atumie saa kadhaa kwenye uwanja mtupu akiizoea klachi, akizunguka taratibu kama anayechora namba 8, akisimama ghafla kutoka mwendo mdogo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami kavu, na wengi huiogopa kwa sababu waliwahi kuona mtu ameanguka nayo. Huminywa taratibu na kuongezwa nguvu, pamoja na ya nyuma. Kwenye mchanga na changarawe mkono uwe mwepesi kabisa, na mwendo upunguzwe kabla ya kuufikia mchanga wenyewe.

Barabara za hapa zina tabia zake. Mchanga hukaa kwenye lami palepale njia ya kijiji inapokutana na barabara kuu. Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, trela likipita huacha upepo unaomsukuma mwendeshaji pembeni. Juu ya Daraja la Kilifi, kusi likivuma, upepo huja kutoka upande bila hodi. Tuktuk hukata kona bila ishara, na mbuzi wa kwanza akivuka wapo wengine nyuma yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayotelezesha zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyokauka barabarani hupanda juu. Na mnazi wa jioni hauchanganyiki na pikipiki, hata kama nyumbani ni hapo tu.

Mavazi pia. Dera, buibui au leso inayoning'inia huweza kunaswa na gurudumu au cheni, basi suruali ndani na nguo ya juu ikunjwe vizuri. Ndara ziachwe nyumbani. Kofia ngumu iwe na alama ya KEBS, ibane kichwa bila kuzunguka, na mkanda wa kidevu ufungwe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ile inayotundikwa mkononi hadi polisi waonekane haimo katika hesabu hiyo. Iliyowahi kupigwa chini katika ajali ibadilishwe, hata kama haionyeshi ufa.

Leseni ikishapatikana, njia ya kazini ijaribiwe kwanza Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, na kwa wiki za mwanzo mwenye pikipiki aondoke nyumbani nusu saa mapema, asibebe mtu, wala asiendeshe usiku. Mjini na sokoni mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Tairi, breki, taa na cheni vitazamwe kila asubuhi, kazi ya dakika tatu. Namba za dharura ni 999 na 112.