Maneno ya Kuondosha Utumwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Pangani)



Kazi yetu sisi makarani ni maneno, basi yatupasa kuyapima. Leo napima manne ambayo watu huyatumia kama kwamba ni neno moja: kukomesha, kukomboa, kuacha huru, na kutangua.

Kukomesha ni kulizuia jambo lisiendelee. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na masoko yake yakafungwa. Lakini aliyekuwa shambani alibaki mtumwa: iliyokoma ni biashara, si utumwa. Mwaka ule ule, ng'ambo ya mto wetu, watumwa wa mashamba ya miwa ya Kikogwe waliasi. Hao hawakungoja mkataba.

Kukomboa ni kutoa mali ili mtu atoke. Wadachi hawakuuvunja utumwa; kwa amri ya mwaka 1901 walimruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, na kwa amri ya 1904 mtoto aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 alikuwa huru. Mama yake hakuhesabiwa.

Kuacha huru ni hisani ya bwana: akipenda hutoa, asipopenda huzuia.

Kutangua ni kuiondoa hali yenyewe katika sheria, hata baraza lisimtambue mtu kuwa mali ya mwenziwe. Unguja na Pemba walitangua mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa mpaka 1909; neno moja, "suria", liliwaweka nje miaka 12. Kwetu Tanganyika utumwa ulitanguka kwa sheria ya mwaka 1922, mwaka ule ule Martin Kayamba alipoanzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali.

Basi, ndugu zangu, msomapo kwamba utumwa "uliondoshwa", ulizeni: kilichoondoshwa ni nini, biashara au hali? Tena ni nani aliyesahauliwa? Karani aandikaye kwamba watu "waliachwa huru," hali sheria ndiyo iliyotangua, amegeuza haki kuwa zawadi. Na wajukuu wao watadhani wanadaiwa shukrani kwa kitu kilichokuwa chao tangu mwanzo.