Uhuru wa Kusema na Amana ya Ulimi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kusema na akaufanya ulimi wake kuwa amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mlio msikitini na ninyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha tunakuusieni ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika tutendayo na katika tusemayo. Hotuba hii inakufikieni kwa njia ya redio, na leo tumekusudia kusema juu ya redio yenyewe, yaani juu ya neno litokalo kinywani mwa mtu mmoja likaingia katika maelfu ya nyumba kwa mara moja.

Mwezi wa Julai 1993, katika nchi jirani ya Rwanda, ilianza kutangaza redio ya watu binafsi iliyojulikana kwa jina la RTLM. Vijana waliipenda, kwa kuwa ilipiga muziki mzuri, na watangazaji wake walizungumza kama watu wazungumzavyo barazani, kwa mzaha na vicheko. Ndani ya mzaha huo Watutsi waliitwa mende. Gazeti la Kangura lilikuwa limetangulia katika kazi hiyo tangu mwaka 1990. Hebu tulitazame neno hilo. Mende hana mama, hana jina, wala hana haki ya ujirani. Akionekana jikoni, hata mtoto mdogo humkanyaga bila ya kuuliza. Basi mtu aliyezoezwa kwa miezi mingi kumwita jirani yake mende amekwisha kufundishwa nusu ya kazi. Ulipofika Aprili 1994, redio ile ile ikawa inataja majina ya watu, na mahali walipo, na hata namba za magari yao. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000, wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki katika dhuluma hiyo.

Umoja wa Mataifa uliweka mahakama ya kesi hizo mjini Arusha, Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu katika kesi moja: Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, ambao wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa redio ile, na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Jina hili la tatu tunalitaja kwa uzito wa moyo. Hassan ni jina tunalowapa watoto wetu, jina la mjukuu wa Mtume. Tunalitaja ili asije mmoja wetu akaisikiliza habari hii kana kwamba ni ya watu wa mbali.

Kesi ilikatiwa rufani, na tarehe 28 Novemba 2007 adhabu zilipunguzwa: vifungo vya maisha vya Nahimana na Ngeze vikawa miaka 30 na miaka 35, na miaka 35 ya Barayagwiza ikawa 32. Lakini lililotushughulisha sisi si hesabu ya miaka. Majaji wa rufani walipambanua baina ya maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji. Matangazo yaliyotolewa baada ya tarehe 6 Aprili 1994 waliyahesabu kuwa ni uchochezi huo. Yale ya kabla yake, ingawa walikiri kuwa mna chuki ndani yake, hawakuridhika kuwa yamefika kiwango hicho.

Tumelifikiri sana jambo hili. Hatuwalaumu majaji, kwani anayemfunga mtu kwa ajili ya neno lazima awe mwangalifu sana. Lakini tazameni kilichobaki nje ya ua wa sheria: miezi yote ile ya mzaha, miezi ya mende. Sheria ililikamata neno lilipokuwa limekwisha kushika panga. Neno la kwanza, lile lililochekwa jioni wakati wa chakula, nani alikuwa na wajibu wa kulikamata? Alikuwa baba aliyesikiliza pamoja na wanawe. Alikuwa mwalimu. Alikuwa kiongozi wa dini, naye katika nchi ile wengi walinyamaza, na wako waliofanya mabaya kuliko kunyamaza.

Sheria ni lazima iwepo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966 unalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 19, na papo hapo, katika ibara ya 20, unataka chuki ya taifa, ya rangi au ya dini inayochochea uadui ipigwe marufuku kwa sheria. Wenzetu wa Kenya, baada ya watu zaidi ya 1,000 kupoteza maisha katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walitunga sheria ya mshikamano wa taifa mwaka 2008, na katiba yao ya mwaka 2010 inasema wazi katika ibara ya 33 kwamba uhuru wa kujieleza hauingizi ndani yake matamshi ya chuki.

Wanafunzi watatuuliza, na wana haki ya kuuliza: je, mtawala hataweza kumwita kila anayemkosoa mchochezi? Ataweza, na katika nchi nyingi limetokea. Mtume wetu alilihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi bora, na Mwenyezi Mungu, asiyependa maneno mabaya yatangazwe, amemtoa katika makatazo hayo aliyedhulumiwa. Kumwuliza kiongozi fedha za kisima zimekwenda wapi ni haki ya kila mwananchi. Kusema kwamba fedha zimeliwa kwa sababu watu wa kabila lake huzaliwa wezi, hiyo ni njia nyingine kabisa. Wa kwanza anahoji kitendo cha mtu. Wa pili amewahukumu hata watoto walio bado matumboni.

Na sisi wa mimbari hatujiepushi. Mimbari nayo ni redio, tena msikilizaji wake haruhusiwi kujibu wakati wa hotuba. Yako maneno juu ya watu wa dini nyingine yaliyosemwa kwa vipaza sauti, na waliohudhuria wakatoa takbiri, hali ya kuwa Surat al-An'am imetukataza kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Tulikuwapo, na wengine wetu tulinyamaza kwa kuogopa kuonekana dhaifu wa imani.

Leo redio imo mfukoni mwa kila kijana. Anapokea sauti isiyo na mwenyewe, inasema watu fulani wamepanga jambo fulani, naye kabla ya kumaliza kuisikiliza amekwisha kuwapelekea watu hamsini. Surat al-Hujurat imetuamrisha kuipeleleza habari tuletewayo na mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kudharauliana, kaumu na kaumu, na kuitana majina mabaya. Wazazi, wasikilizeni watoto wenu wanawaitaje majirani. Mara nyingi jina hilo hawakulipata shuleni, wamelipata kwetu.

Ewe Mola wetu, warehemu waliouawa kwa dhuluma katika nchi ile na katika nchi zetu, na utusamehe kila neno tulilolicheka ilhali ilitupasa kulikataza. Amin.