Uadilifu Katika Michezo ya Mataifa

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani: vijana wetu wa Nyamigogo wametuuliza kama yafaa Mwislamu kushangilia mashindano ya mataifa, ilhali baadhi ya mataifa hayo yana dhuluma mikononi. Mchezo wenyewe hauna ubaya. Mtume wetu alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na safari moja Bibi ndiye aliyeshinda. Suala ni hiyo dhuluma.

Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kwenda Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, majuma machache tu baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto, na bado New Zealand ikakaribishwa Montreal. Aliyelipa gharama ni kijana wetu Filbert Bayi. Mwaka 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand. Dhahabu ya Montreal ikatwaliwa na Walker huyo huyo. Sisi twaihesabu ile kuwa ni sadaka, wala haikuwa ndogo.

Desemba 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan, nchi ya Waislamu. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani akamtuma ndugu yetu Muhammad Ali, bondia mashuhuri, aje Dar es Salaam kutushawishi tusiende Moscow. Waandishi wa habari wakamwuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ikaenda Moscow, na Bayi akapata nishani ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hadi leo hatujapata nishani nyingine ya Olimpiki. Furaha ile hatuikani. Lakini Urusi ndiyo iliyowapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na mwenye deni huona haya kumkemea aliyemkopesha. Mwafghani aliyebomolewa nyumba alikosa nini katika hesabu hiyo? Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa yatutaka tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, haikumtoa rafiki.

Mwaka 2022 Kombe la Dunia lilichezwa Qatar, kwa Waislamu wenzetu. Kazi nyingi zilifanywa na vibarua kutoka Nepal, India, Bangladesh, na hata Kenya jirani zetu. Wapo waliocheleweshewa ujira, na wapo waliorudishwa kwao wakiwa maiti. Tulisikia barazani kwamba hayo ni husuda ya Wazungu tu. Mtume ameamuru kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, na amri hiyo haikuuliza nani aliyelalamika.

Twasema haya, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwetu na kwenu.