MCHORO WA TANESCO UNAISHIA WAPI?

Vijana wa Nangara, ukisikia shirika la umma "linaundwa upya", usiishie kuuliza ni wangapi watapunguzwa. Dai mchoro wa madaraka. Weka kidole kwa fundi anayepanda nguzo hapa Babati, kisha panda nacho: msimamizi wake, meneja wa wilaya, wa mkoa, hadi mkurugenzi mtendaji. Usisimame hapo. Huyo mkurugenzi anamwogopa nani?

Chukueni TANESCO. Mwaka 2002 serikali iliwakabidhi uongozi NETGroup Solutions, kampuni ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, mabosi wapya wakaingizwa ofisini kwa ulinzi wa polisi. Vyeo vikapangwa upya, watu wakapunguzwa. Tuseme kweli hata kama inauma: makusanyo yalipanda, na taasisi za serikali zilizo sugu kwa madeni zikakatiwa umeme. Mzalendo angemkatiaje umeme aliyemweka kitini?

Lakini mgeni alikabidhiwa bili, hakukabidhiwa mvua. Ukame wa mwaka 2006 ulileta mgawo wa umeme, na mkataba wa dharura ukapewa Richmond, kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge iliikuta haina uwezo. Mkataba wa NETGroup nao uliisha mwaka huo huo. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akikana kosa. Haya, nionyesheni: kwenye mchoro wa TANESCO, Waziri Mkuu ana kisanduku gani?

Mwaka 2014 wakatangaza mpango wa kuligawa shirika: uzalishaji huku, usafirishaji kule, usambazaji pale. Karatasi nzuri tu. Septemba 2023 Rais akamtoa mkurugenzi, Maharage Chande, akampeleka TTCL. Kabla kiti hakijapata joto, akamhamishia Posta. Umeme, simu, barua, yote kwa kalamu moja! Sisemi Chande ni mbaya. Nasema bodi ilikuwa wapi?

Kijana anayechimba mashimo ya nguzo kwa kibarua hana kisanduku kabisa, ila mgawo ukija saluni yake ndiyo inayofungwa, na chuma chake cha kuchomelea ndicho kinachopoa. Kwa hiyo vigogo wakija Nangara kuomba kura, waulizeni hili tu: je, mtakubali nafasi ya mkurugenzi itangazwe gazetini, bodi imwajiri kwa ushindani, na asiondolewe mpaka bodi hiyo iseme hadharani amekosa nini?